Mwaka mzima hakugusa kitu, sasa mbona ameanza tena? Juu ya dawa za kulevya na wanawake wenye kutoka gerezani

Jumamosi nilikuwa Katuba, hapa Lubumbashi, kwa mama mwenye ananisukaka nywele. Tulikuwa ku baraza wanawake wanne na mtoto mmoja wa mgongoni, na mazungumzo yakaangukia binti wa avenue ya pili, mwenye alitoka gerezani si zamani. Alikaa ndani mwaka mmoja na miezi miwili. Siku ya kutoka mama yake alichinja kuku, watu wakaimba, pasteur akaomba, kila mtu akasema huyu sasa amepona. Siku ya tisa wakamkuta nyuma ya choo amelala chini, vidonge mkononi na chupa ya lutuku, pombe kali ya kienyeji, pembeni, na kama si mtoto wa jirani mwenye alienda kutafuta mpira wake kule nyuma, leo tungekuwa ku matanga. Sasa mama wa kusuka akasema, huku anavuta uzi: "Mwaka muzima hakugusa kintu. Anatoka siku tisa tu anaanza tena. Ile haiko ugonjwa, ile ni roho yake njo mubaya." Na wote wakaitika, ee, njo vile.

Mimi sikuitika. Binti wa mama yangu mukubwa, mwenye naita yaya (dada mkubwa) tangu nijue kuongea, alipita njia hiyo hiyo, na sisi nyumbani tulimwambia maneno hayo hayo ya "roho mubaya", tena mbele ya watoto wake. Nimesoma sana tangu siku ile, nimeuliza wauguzi, nimemuuliza yeye mwenyewe, na kitu nimeelewa ni kwamba sentensi ya mama wa kusuka imejengwa kinyume. Yeye anasema: hakugusa kitu mwaka mzima, kwa hiyo hana sababu ya kurudia. Ukweli ni kwamba ule mwaka mzima bila kugusa kitu njo unafanya wiki ya kwanza kuwa ya hatari kuliko zote. Naomba unifuate polepole nielezee.

Tuanze na maneno, kwani ugomvi mwingi unazaliwa pale. Hapa Lubumbashi mtu akisema drogi wengi wanafikiria bangi, basi. Lakini drogi ni kitu chochote chenye kuingia mwilini, kubadilisha namna kichwa kinafanya kazi, na kichwa kinaweza kukizoea mpaka kinaanza kukidai. Lutuku ni drogi, hata kama inapikwa na mama wa heshima na inalipa minerval (pesa ya shule) ya watoto. Vile vichupa vidogo vya pombe kali ni drogi. Valium, yenye daktari anatoaka kwa mtu wa degedege, ikimezwa kila siku bila daktari, inakuwa drogi. Na Tramadol, yenye watu wanachukulia sawa vile Paracetamol ya nguvu, ni dawa ya maumivu yenye Wajerumani wa kampuni ya Grünenthal waliingiza sokoni mwaka 1977, na ni ndugu mdogo wa morfini na heroini, familia ni moja. Kipimo cha kawaida ni miligramu 50 ao 100 kwa mara moja, na daktari hapitishaka 400 kwa siku. Mwenye kuzoea anaweza kupitisha hapo kabla ya saa sita ya mchana na bado anatembea.

Kisha kuna kutumia, kuna kuzoea, kuna kufungwa, na hayo matatu si kitu kimoja. Kutumia ni kumeza. Kuzoea ni mwili kuongeza uvumilivu, kidonge kimoja hakifanyi tena kitu, unataka viwili, vinne. Kufungwa ni pale unataka kuacha, umeona ubaya wake, umelia, umeapa, na mguu bado unakupeleka. Na ikikosekana, mwili unalipiza: jasho, kuharisha, mifupa inauma, usingizi hakuna, wasiwasi wenye hauna jina. Waswahili wa Pwani, kule Mombasa na Zanzibar, wanaita hali hiyo arosto, na mimi napenda kwamba wao wameipatia jina, kwani kitu chenye jina unaweza kukiongelea na mama yako.

Na neno la mwisho, lenye limeleta makala hii yote, ni kuacha. Mtoto mwenye umefungia ndani siku ya mvua huwezi kusema ameacha kucheza mpira. Amezuiwa. Mwanamke mwenye amekaa gerezani mwaka mmoja bila Tramadol, pengine ameacha, pengine amezuiwa tu, na sisi wa nje hatuwezi kujua, na hata yeye mwenyewe hajui mpaka mlango ufunguliwe. (Na tuseme wazi, gereza si mahali pa usafi, vitu vinaingia, wengine walijifunza kuvuta mle ndani. Lakini tuchukue yule mwenye kweli hakugusa.)

Mwili unasahau

Fikiria mtu wa pilipili. Mwenye anakula pilipili kali kila siku, ulimi unazoea, anaongeza, mpaka wewe ukionja sahani yake unatoka machozi naye anauliza chumvi iko wapi. Sasa muondolee pilipili mwaka mmoja mzima. Halafu siku moja umurudishie sahani ile ile ya zamani. Atalia. Ulimi umerudi kuwa sawa ulimi wa mtoto.

Mwili wenye umekaa bila dawa uko vile. Ile nguvu ya kuvumilia haingoji mwaka, inapungua ndani ya siku na wiki chache tu, lakini kichwa hakisahau hesabu. Kichwa kinakumbuka vidonge vinane, mwili wa leo unaweza viwili. Na anameza vinane, si kwa sababu anataka kufa, ni kwa sababu njo kipimo chake, njo namba yenye anajua. Ongeza kwamba ametoka amekonda. Jela zetu watu wanakula vungule, mahindi na maharagi, na mwenye familia yake haimleteake chakula anatoka mifupa, kwa hiyo kipimo cha mwanamke wa kilo 70 kinaingia ndani ya mwanamke wa kilo 48.

Kuna utafiti ulifanyika Marekani, jimbo la Washington, walifuata watu 30,237 wenye walitoka gerezani kati ya 1999 na 2003, na ukatangazwa mwaka 2007. Wiki mbili za kwanza baada ya kutoka, hatari ya kufa kwa sababu ya dawa kuzidi ilikuwa mara 129 kuliko ya wakaaji wengine wa jimbo lile. Mara 129. Niliposoma ile namba mara ya kwanza nilifikiri wamekosea kuandika. Najua Marekani si Lubumbashi, na dawa zao si zetu zote, lakini mapafu ni yale yale.

Na kweli ni mambo ya mapafu. Sisi hatukumbukaka kupumua, kuna sehemu ya ubongo huku nyuma juu ya shingo yenye inafanya kazi hiyo usiku na mchana, sawa sentineli ku mlango. Tramadol na ndugu zake wakizidi wanamlaza yule sentineli. Pombe nayo inamlaza. Valium nayo inamlaza. Sasa ukichanganya Tramadol na lutuku, ao Valium na lutuku, haujaweka kidogo ya hiki na kidogo ya kile, umeweka watu wawili kukandamiza kifua kimoja. Tramadol iko tena na ubaya wake wa pekee, ikizidi inaleta degedege, na hapa kwetu mtu akianguka anatetemeka hivi familia inamkimbiza kwa mganga ao ku chambre ya maombi, na saa zinapotea.

Niseme hapa hapa kitu cha kufanya, hata kama si pahali pake, sababu pengine mtu atasoma mpaka hapa tu. Ukikuta mtu haamki hata ukimsugua katikati ya kifua kwa ngumi, anakoroma vibaya ao anavuta hewa moja moja, midomo imekuwa rangi ya majivu (kwa ngozi yetu angalia ndani ya mdomo na ku kucha), mulaze kwa ubavu, kichwa kirudi nyuma kidogo na mdomo uelekee chini ili matapishi yatoke nje. Usimpe maziwa. Usimpe mafuta ya mawese, wala maji ya chumvi, wala ndimu. Mtu mwenye hana fahamu, kitu unamimina mdomoni kinaenda mapafuni, hakiendi tumboni kufuta sumu. Usimwache peke yake eti alale itaisha. Akiacha kupumua, pulizia hewa mdomoni kama unajua namna. Mpelekeni hospitali mbio, na museme ukweli wa vitu alimeza, bila haya, kwani iko dawa inaitwa naloksoni yenye inaweza kumwamsha mtu wa morfini na ndugu zake, lakini muuguzi mwenye umemwambia "ni malaria" hawezi kufikiria kuitafuta.

Kichwa hakisahau

Sasa swali la pili, lile la mama wa kusuka mwenyewe: kama mwili umesafika, ni nini inamrudisha?

Ukipita saa saba pahali mama mmoja anakaanga makayabu (samaki wa chumvi), mate yanakuja mdomoni kabla hujafikiria chochote, pengine hata ulikuwa umeshiba. Hukuamua. Ubongo ulijifunza zamani kwamba harufu hii inafuatwa na raha, na unatayarisha mdomo mapema. Dawa zinafanya mafundisho hayo hayo lakini kwa nguvu nyingi sana, na hazifundishi harufu tu. Zinafundisha kona ya avenue, mwanaume fulani na kofia yake, kelele ya bar ya Jumamosi, ile saa ya jioni kabla ya courant (umeme) kurudi, hata kushika noti ya falanga elfu kumi mkononi. Yaya aliniambia kwamba gerezani alimaliza miezi bila hata kuota Tramadol, alifikiri kweli imeisha, na siku ya kutoka taxi ilikata kona ya kuingia kartye yao, akaona kile kibanda cha vocha chenye rangi ya manjano ambapo kijana mmoja alikuwaka anauzia, na mikono ikatoka jasho. Kibanda kilikuwa kimefungwa. Kijana alishahama zamani. Mikono ilitoka jasho kwa kuona rangi ya manjano.

Kuna habari ya zamani yenye inanisaidiaka kuelewa hii. Wakati wa vita ya Vietnam, miaka ya 1970 mwanzoni, askari wa Marekani walikuwa wanatumia heroini sana kule, karibu mmoja kwa watano alisema alifungwa nayo. Serikali yao ikaogopa, ikafikiri itapokea jeshi la walevi. Mtafiti mmoja mwanamke, Lee Robins, akawafuata waliporudi. Wale wenye walifungwa na heroini kule, karibu 5 tu kwa 100 ndio walifungwa tena katika mwaka wa kwanza nyumbani. Watu wa elimu walishangaa, wengine walikataa. Lakini angalia vizuri kilichotokea: askari aliacha heroini pamoja na mahali pa heroini. Aliacha ule msitu, zile bunduki, wale rafiki wa kuvuta nao, ile woga, akapanda ndege, akafika kwao ambako hakuna kitu kinamkumbusha.

Mwanamke wetu anafanya safari ile ile kinyume. Amekaa mbali na kona, mbali na kibanda, mbali na yule mwanaume, na siku ya kutoka tunamweka ndani ya taxi, tunafuata ile barabara ya Kasapa, gereza letu la Lubumbashi, tunapita université, tunaingia mjini, na tunamshusha katikati ya vitu vyote vyenye vilimfundisha. Kisha tunasema ni roho.

Na kwa nini tunaongelea wanawake peke yao

Kwa sababu si sawa, na mimi sitaki kuficha. Mwanaume akitoka Kasapa, mara nyingi mke wake alikuwa anamletea sufuria kila wiki, na akitoka anakuta kitanda chake. Mwanamke akitoka, mara nyingi bwana ameshaingiza mwingine, watoto wametawanyika, mmoja kwa nyanya kule Ruashi, mmoja kwa shangazi, wa mwisho hamtambui mama yake, na mwenye nyumba alishatupa vitu nje. Mwanaume mlevi tunasema ni kijana, atabadilika. Mwanamke mlevi tunasema ameharibika, sawa vile mutu anasema juu ya samaki. Haya inamfungia ndani ya nyumba, na mtu mwenye amefungiwa ndani na haya yake anatafuta kitu cha kuzima kichwa.

Mwili nao una yake. Mwili wa mwanamke una maji kidogo kuliko wa mwanaume wa kilo sawa, kwa hiyo glasi ile ile ya lutuku inakuwa nzito zaidi ndani ya damu yake, na kwa pombe wanawake wengi wanapita haraka kutoka kutumia mpaka kufungwa, miaka yenye ingemchukua mwanaume yeye anaimaliza kwa michache.

Halafu kuna maumivu ya zamani. Wengi hawakuanza dawa kwa kutafuta raha. Walianza kwa kutafuta usingizi. Kwa kubakwa, kwa kupigwa, kwa vita huko Kivu na njia ya kukimbia, na mara nyingi mkono wa kwanza wenye ulimpa kidonge ni mkono wa mwanaume wake mwenyewe. Na gereza linaweza kuongeza maumivu juu ya maumivu. Hatujasahau mwezi wa tisa 2020, wafungwa waliposhika Kasapa kwa siku tatu, upande wa wanawake ukaungua, na wanawake wakabakwa zile siku bila mtu kuja. Hatujasahau gereza la Munzenze la Goma, mwezi wa kwanza 2025, wanaume wakatoroka, na wanawake zaidi ya mia pamoja na watoto wakafa ndani ya moto. Mwanamke mwenye ametoka mahali pa namna hiyo na usingizi haumjii, ukimwambia "acha tu vidonge" umemwambia alale bila kumwambia namna.

Umoja wa Mataifa ulishaandika haya tangu mwezi wa kumi na mbili 2010, kwenye Kanuni za Bangkok, kanuni 70 juu ya wafungwa wanawake. Kanuni ya 15 inasema mwanamke mwenye shida ya dawa apate matunzo yenye kuzingatia yale aliyotendewa mbele, kama ana mimba ao ana watoto. Kanuni ya 46 na 47 zinasema matayarisho yaanze kabla hajatoka na msaada uendelee nje. Naziandika si kwa kuonyesha elimu, ni ili siku moja ukikaa na mtu wa sheria ao wa shirika umuulize kwa namba.

Vitu tunasemaka vyenye si kweli

"Mama mwenye kupenda watoto wake ataacha." Nimemuona yaya anapiga magoti mbele ya mtoto wake wa miaka sita na kuomba msamaha huku anatetemeka. Mapendo yalikuwepo. Mapendo hayaondoi mafundisho ya ubongo, sawa vile hayaondoi tansion (damu kupanda). Na tukiongelea tansion: watafiti wa Marekani wanakadiria kwamba kati ya watu 40 na 60 kwa 100 wenye kutunzwa kwa dawa za kulevya wanarudia angalau mara moja, na wanalinganisha na wagonjwa wa tansion na wa asma, wenye nao wanaacha dawa na ugonjwa unapanda tena. Mama wa tansion akipandisha hatumuiti mwongo. Tunamuuliza, ulikula chumvi? ulimaliza dawa? Tunamrudisha kwa daktari.

"Mufungieni ndani, siku tatu itatoka yote." Hapa naomba sana. Mtu wa Tramadol akikatwa ghafla anateseka vibaya, mara nyingi haimuui, isipokuwa maji yamuishie kwa kuharisha na kutapika. Lakini mtu wa pombe ya kila siku, ao wa Valium ya kila siku, akikatwa ghafla anaweza kupata degedege, kuona vitu, kuchanganyikiwa, na kufa. Wale wanapunguziwa polepole na mtu wa afya. Na mwanamke mwenye mimba msimkate kitu chochote kavu bila daktari, ni watu wawili mle.

"Ameanguka mara moja, basi yote imeharibika." Hii njo inaua. Maana mwanamke mwenyewe anaiamini, anasema kwa kuwa nimeshaanguka acha nizame. Kuanguka siku ya tisa hakufuti zile siku nane. Ukibeba beseni ya mikate na ukajikwaa ikaanguka mikate mitatu, hutupi beseni yote ku mtaro.

Na maombi? Mimi ni mtu wa kanisa, siwezi kusema maombi hayafai. Kikundi cha bamama wenye wanakuja kila siku jioni, wanaimba naye, wanamfuata akikosa, kinafanya kazi kubwa kuliko vidonge vingi, kwani ile saa ya jioni yenye hatari inapata watu ndani yake. Yenye nakataa ni pasteur mwenye anamwambia aache dawa za hospitali, ao mwenye anamfunga kamba, ao mwenye anamsimamisha mbele ya watu wote aseme dhambi zake kwa mikrofoni.

Nini inasaidia, kweli kweli

Wiki mbili za kwanza, kwanza hizo. Nani atamngoja ku mlango wa gereza? Kama ni mtu wa familia, muzuri. Kama hakuna mtu, wa kwanza kumuona atakuwa yule mwenye hatutaki. Atalala wapi usiku wa kwanza, na iwe mbali na kona, hata kwa shangazi wa Kampemba wiki tatu, hata kama mama yake analia anataka mtoto wake. Msimpe pesa nyingi mkononi siku ya kwanza kwa furaha, pesa yenyewe ni kumbusho, dada yake ashike. Badilisheni namba ya simu. Na mtu mmoja, mmoja tu, amwambie waziwazi bila kumtisha: kama utarudia, ujue mwili wako si ule wa zamani, kipimo chako cha zamani kitakuua, usimeze peke yako mlango umefungwa, uniite. Watu wanaogopa kusema hivyo, wanaona ni kumpa ruhusa. Yaya anasema hakuna mtu alimwambia, wala ndani wala nje, na angependa angejua.

Kisha daktari wa kichwa, na neno hilo lisimwogopeshe mtu. Mafrère wa Charité, watawa wa Kikatoliki, wako na nyumba za kutunza wagonjwa wa akili na wa dawa: hapa Lubumbashi ni centre ya Joseph Guislain, Bukavu ni SOSAME, Goma ni Tulizo Letu. Kwenda pale si kuwa kichaa. Yaya alienda kwanza ku kituo kidogo cha afya karibu na kwao, muuguzi akamuuliza kwa sauti mbele ya foleni "ni wewe ule wa vidonge?", akarudi nyumbani na hakutoka siku nne. Mara ya pili nilienda naye mimi. Njia ni ile ile, ila ukiwa watu wawili foleni inakuwa fupi.

Halafu kazi, na kazi yenye kuanza asubuhi mapema. Na likelemba. Sikufikiria hiyo mimi, ni yeye. Bamama kumi na wawili, kila Alhamisi, kila mmoja anatoa, mmoja anapokea. Si pesa njo ilimshika. Ni kwamba Alhamisi kuna watu kumi na mmoja wenye wanajua kama hakuja, na wanatuma mtoto kuuliza.

Alianguka mara tatu. Mara ya tatu nilimkuta mimi, na nilimlaza kwa ubavu kwa sababu nilikuwa nimeshasoma. Tangu pale zimepita mvua mbili.

Leo anauza mikate na maharagi ku mlango wa shule moja. Kutoka kwake mpaka pale kuna avenue ya moja kwa moja, dakika kumi, lakini kwenye avenue ile kuna parcelle ya mama wa lutuku na kuna kile kibanda cha manjano, bado kiko pale, sasa wanauzia makaa. Kwa hiyo saa kumi na moja asubuhi, giza bado, anatoka na beseni kichwani na anazunguka kwa upande wa pili, karibu nusu saa. Nilimuuliza kama hachoki. Akasema shingo inauma, ndiyo. Siku za mvua anachelewa, na watoto wa shule wameshajua, wanangoja.